Fundi, Bila "Tu"

Bellevue, Johannesburg
Jumapili, saa nane mchana

Hadija mwanangu,

Uko Yeoville kwa yule mama Mkongo unasukwa, na kwa wingi wa nywele zako nina saa nne nzima kabla hujarudi. Mama yako yuko chumbani, amekalia sanduku lako ili lifungike. Mambo ya koti, chaja, vidonge vya kichwa na pilipili ya kusaga nimemwachia yeye, na unajua hatasahau kitu. Mimi nina neno moja la kukuambia, na nimeshindwa kulitoa mdomoni tangu siku ulipopata kazi.

Ninaandika kwa Kiswahili makusudi. Najua ungependa Kiingereza. Tangu una miaka mitano nakuuliza "umekula?" nawe unanijibu "Yes Baba, sharp." Soma polepole. Neno likikushinda nipigie simu uniulize, na nakuonya kwamba mengine nimeyaweka magumu kwa sababu hiyo hiyo.

Siku ya usaili ulinifukuza jikoni, nikaenda kukaa kwenye ngazi za nje na kikombe changu cha chai. Ulisahau kufunga dirisha. Nikakusikia wale Waingereza kwenye kompyuta wakikuuliza kwa nini unataka kujifunza kazi kwenye kiwanda chao cha magari ya mashindano na si kingine. Ukawasimulia historia yao wenyewe, tangu banda la farasi, bila kusita hata mara moja, mpaka ukafika kwenye gari la tatu na lile bomba la mshazari. Ukasema bomba hilo lilibuniwa Turffontein na baba yake Bwana Derek, na kwamba baba yako ameajiriwa na Bwana Derek kwenye gereji hiyo hiyo. Nikasikia wakishangilia. Nilifurahi kwa ajili yako, na papo hapo chai ikanikataa.

Hadija, ulichowaambia si kweli. Aliyekufundisha uongo huo ni mimi.

Hadithi ya kiwanda unaijua kuliko mimi, lakini acha niisimulie kama nilivyoipokea, kwa sababu kosa langu limo humo. Vita vya Wazungu vimekwisha. Kijana aliyekuwa akitengeneza ndege za jeshi anarudi kwao hana kazi. Anapanga banda la farasi nyuma ya duka la nyama. Farasi wamekwisha kuuzwa, harufu yao imebaki. Ana gari dogo bovu aliloachiwa na mjomba wake, na mabomba membamba ya chuma yaliyotoka kwenye ndege zilizovunjwa. Anayaunga kwa shaba iliyoyeyushwa, kiungo kimoja kimoja, mpaka anapata fremu ya gari la mashindano. Siku ya kulitoa, gari halipiti mlangoni, maana mlango ulipimwa kwa farasi. Wanabomoa ukuta. Wanalikokota hadi kwenye uwanja wa ndege ulioachwa, ambako vijana wanashindana Jumapili, nalo linawapita watoto wa matajiri mmoja baada ya mwingine.

Watu wakataka magari kama lile. Mwenyewe hakuwa na nafasi ya kuyaunda yote, akaanza kuyauza vipande vipande ndani ya sanduku la mbao, mnunuzi akaunde kwake. Sanduku la tatu lilivuka bahari hadi Durban, likapanda treni hadi hapa, likafikia kwa baba yake Bwana Derek, dereva wa mashindano mwenye gereji Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Ulipokuwa mdogo ulicheka sana hapo. Ulisema gari limewakimbia farasi kule likaja kuwakuta huku.

Kwenye kona fremu ilijikunja, pua ya gari ikatetemeka. Hapo ndipo bomba la mshazari lilipoingizwa, kutoka kona ya chini ya fremu hadi kona ya juu, na gari likatulia. Mchoro ukatumwa Uingereza, kiwanda kikashukuru, na magari yote yaliyofuata, yale yaliyokipa jina, yakatoka na bomba hilo. Mpaka leo fremu moja ya aina hiyo imesimama kwenye ukumbi wao wa kuingilia. Utapita mbele yake kila asubuhi.

Sasa sikiliza ambalo hukulisoma kwenye kile kitabu cha historia yao.

Nilipofika mji huu nilikuwa na begi moja na mikono niliyotoka nayo Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, ambako kila nyumba ya tatu ina gari limelala kifudifudi uani. Bwana Derek alinipa vipande viwili vya bomba niviunge. Alipokitazama kiungo akapaza sauti: "Fundi!" Nikadhani Mzungu huyu anasema Kiswahili. Nikammwagia habari zangu zote, safari, mipaka, kambi, mama yako, mimba yako. Maskini alisimama akinitazama mpaka nikaishiwa pumzi, ndipo akaniambia kwa Kiingereza kwamba hakuelewa hata neno moja.

Hapa neno hilo wanalo hata Wazungu. Wamelichukua kwenye lugha za wenyeji, na kwao fundi ni mtu anayelijua jambo mpaka mwisho wake, wa kuulizwa wengine wakikwama. Sisi fundi ni mtu wa mikono. Na sisi, watu wa kwetu, tuna tabia ya kulifungia mlango neno hilo tukishalisema. Ukiulizwa kazi yako mbele ya wakubwa unasema, "Mimi ni fundi tu." Ni adabu, ndivyo tulivyolelewa. Baba yangu alisema hivyo, na alikuwa akifufua injini zilizokwisha kuzikwa.

Mwaka wangu wa kwanza Bwana Derek alinisomea daftari la gereji la baba yake wakati wa chai. Alikuwa mwema kwangu, sitaki umchukie. Siku moja akasoma huku anacheka: "Mtu wetu ameweka bomba la mshazari bila kuulizwa. Nimemwambia alitoe. Nimeliendesha gari kwanza. Bomba lisitolewe."

"Mtu wetu ndiye nani?" nikamuuliza.

"Fundi wao wa kuchomelea, mtu mweusi. Enzi zile hawakuandika majina."

Nikachungulia ukurasa ule. Jina la mbwa wa gereji lilikuwepo.

Mwaka uliofuata kutu ikaingia kwenye kiungo cha bomba lile, kwenye gari lenyewe ambalo bado liko gerejini, nikaambiwa nikifungue. Kilifunikwa na kipande cha bati kilichochomelewa pande zote. Nilipokibandua, chini yake nikakuta herufi zimegongwa kwenye chuma, moja moja, kwa nyundo na vyuma vya herufi: ELIAS. Ile A imegeuka kichwa chini. Aliandika mahali ambapo hakuna atakayepaona mpaka gari lifumuliwe. Nikagundua pia kwamba alitumia mkono wa kushoto, kwa sababu mawimbi ya shaba yake yalilala kinyume na yangu. Nilikaa chini, Hadija. Nilikuwa sijawahi kukutana na mtu kwa namna hiyo.

Nikamwita Bwana Derek. Alitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

"Funga," akasema.

Nikafunga.

Halafu akaja yule mwandishi kutoka Uingereza, aliyekuwa akiandika kitabu cha miaka ya mwanzo ya kiwanda. Alizunguka gari siku nzima na kamera. Daftari halikuwepo mezani siku hiyo. Bwana Derek alimweleza jinsi baba yake alivyolala na penseli kitandani, jinsi wazo la bomba lilivyomjia bafuni, mambo ambayo mimi sikuwahi kuyasikia. Mwandishi aliandika yote. Ila alikuwa mtu makini, akanigeukia.

"Na wewe uliyelifungua hili gari, unaonaje? Nani aliliweka bomba?"

Nikasema, kwa Kiingereza changu kile unachokicheka, na neno lenyewe nikaliacha lilivyo: "Mimi ni fundi tu."

Bwana Derek akacheka kwa sauti, akamfafanulia mgeni maana ya neno hilo hapa kwetu. Mwandishi naye akacheka. "Yaani wewe ni mjuzi tu? Basi wewe ndiye wa kuulizwa!" Akashika kalamu, akasubiri. Mlango ulifunguliwa mara mbili, mwanangu, mara ya pili kwa kicheko, na mtu ananitazama machoni akitaka kujua.

Nikasema, "Sijui kitu."

Nimejitetea kwa miaka. Nilijiambia kwamba kila ninapokwenda kuongeza muda wa karatasi zetu za ukimbizi nachukua barua ya mwajiri, na mwajiri ni Bwana Derek. Nilijiambia wewe ni mdogo, kodi ya chumba inatakiwa, mji huu hauna huruma na mgeni. Yote kweli. Lakini Bwana Derek hakunitisha hata siku moja. Hakusema "ukifungua mdomo nitakufukuza." Aliyenitisha ni mimi mwenyewe, kwa sauti yangu, ndani ya kichwa changu, na nilifanya kazi hiyo bure. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kitabu kilipotoka ulikuwa na miaka tisa. Bwana Derek alitupa nakala moja. Kiingereza changu cha kusoma kilikuwa dhaifu, kwa hiyo ulinisomea wewe, hapa hapa kwenye meza hii, ukitoka shule na viatu bado mguuni. Uliipenda hadithi ile. Ulichora banda la farasi kwenye daftari la hesabu, mwalimu akakuita. Siku ulipofika kwenye gari la tatu ulisimama juu ya kiti kwa furaha, maana Turffontein ilikuwa kitabuni. Ukasoma jinsi mwenye gereji alivyobuni bomba kwa akili yake mwenyewe. Kisha ukaniangalia.

"Baba, ni kweli? Si wewe ulifungua hiyo gari?"

Nikakujibu, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Ukaridhika, ukafungua ukurasa mwingine. Mwandishi nilimdanganya kwa woga, hilo naweza kulibeba. Lakini wewe uliniuliza kwa sababu uliamini kwamba najua. Ulikuwa mtu wa kwanza kuniita fundi kwa maana zote mbili, nami nikakufungia bati usoni.

Wewe ukakua juu ya uongo huo na, ajabu, ukanyooka. Ulipokataa chuo ukasema unataka kuunga fremu, wenzetu hapa mtaani walikuja kumpa mama yako pole. Miaka yote hiyo ya shule, halafu mtoto wa kike akachomelee vyuma! Mama yako aliwapa chai na hakuwaongezea sukari. Mimi nilikaa kimya, wakadhani nimeona haya. Nilikuwa najivuna, na nilikuwa naogopa siku utakapojua.

Wiki tatu zilizopita gari lile liligonga ukuta kwenye maonyesho, pua ikapinda. Ulikuwa Braamfontein ukihangaikia viza. Bwana Derek akaniambia nifungue kiungo kile kile. Nafikiri amesahau. Mtu anayefunga jambo husahau, aliyetumwa kulifunga hasahau. Nikabandua bati, na Elias alikuwa pale pale na A yake kichwa chini.

Safari hii nilitandika karatasi juu ya herufi, nikasugua kwa penseli mpaka zikatokea. Nikapiga picha kwa simu, karibu, mbali, kila upande, pamoja na mawimbi ya shaba. Kisha nikaenda kwenye kabati, nikachukua vyuma vya herufi na nyundo ndogo. Chini ya jina lake nikagonga langu, RAMADHANI, na chini yake BUYENZI. Sikuomba ruhusa. Na yeye hakuomba. Nilipomaliza ile I ya mwisho nilicheka peke yangu kama kichaa, nikafunga bati, nikalichomelea vizuri kuliko kiungo chochote nilichowahi kufanya nchi hii. Atakayelifungua siku nyingine atatukuta wawili.

Juzi Ijumaa nikamwambia Bwana Derek. Sikutaka kutembea na siri mfukoni kama mwizi. Nilimkuta na kikombe chake.

"Hadija anasafiri Jumatatu kwenda kiwandani," nikasema. "Nitampa jina la Elias."

Aliweka kikombe chini. "Utamvunjia baba yangu heshima."

"Baba yako alikuwa dereva hodari. Alilijaribu lile bomba badala ya kulitupa, akaandika barua, akatuma mchoro. Hayo ni yake na yabaki yake. Bomba si lake."

"Nani atakuamini, Ramadhani? Wewe ni..." Akasita.

Nikamsaidia. "Fundi. Ulisema mwenyewe siku ya kwanza."

Amezeeka, Hadija, na nilimwonea huruma. Lakini sikurudisha neno langu.

"Jumatatu usije," akasema.

"Jumatatu sina nafasi, nampeleka binti yangu uwanja wa ndege. Jumanne nitakuja kuchukua koleo zangu."

Nilipomsimulia mama yako, alisema "Hatimaye," akaendelea kukata vitunguu. Kwa hiyo usinihurumie, wala usikate tiketi ya kurudi kuja kunifariji. Nina mashine yangu ya kuchomelea. Jirani wa nyumba ya pili ana gereji anamofugia panya, tumeshaelewana. Kwa mara ya kwanza tangu nifike mji huu nitaandika jina langu juu ya mlango, na A moja nitaigeuza kichwa chini, watu waulize.

Sasa lililobaki ni lako. Umeingia kiwanda kile kwa hadithi ambayo si kweli, na wewe hukujua. Kuanzia mstari huu unajua. Unaweza kukaa nayo, na sitakulaumu, maana nilikaa nayo mimi mtu mzima mwenye ndevu. Najua una miezi ya kujaribiwa, najua hutaki kuanza kwa kuwaambia kwamba kitabu chao kimekosea. Labda watakukunjia uso. Labda watasema karatasi iliyosuguliwa penseli si ushahidi. Waambie gari lipo, bati linabanduka, waje na nyundo.

Wakikuuliza kwa nini ulisema vingine kwenye usaili, nitaje mimi. Sema, "Baba yangu aliogopa akanidanganya." Ulitamke bila kunificha, kwa jina langu lote. Nimeishi ndani ya woga ule na nimetoka, siwezi kuumizwa na mtu anayenionyesha mlango niliotokea.

Ila kuna kitu kimoja sikuachii uamuzi. Watakuuliza wewe ni nani pale kazini. Watakuwepo wenye digrii, wenye baba waliokuwa na magari ya mashindano, na watakuuliza kwa upole kabisa. Kiingereza nacho kina "tu" yake, nimekusikia ukiisema kwenye simu, ukijipunguza kabla mwingine hajakupunguza. Umeirithi kwangu, nami kwa baba yangu. Ife hapa Bellevue. Sema kazi yako, kisha funga mdomo uwaache wasubiri.

Bahasha yenye ile karatasi ya penseli iko ndani ya kitabu, kwenye ukurasa wa gari la tatu. Picha nimeshakutumia kwenye simu. Ukishindwa kupata ujasiri siku ya kwanza, weka karatasi ile mfukoni ukasimame mbele ya fremu yao ya ukumbini. Litafute bomba la mshazari, liguse, na useme "Elias" kwa sauti ya kawaida. Hata kama hakuna anayesikiliza, litakuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile.

Uliniuliza ukiwa na miaka tisa, umesimama juu ya kiti: Baba, ni kweli? Jibu langu limechelewa sana. Hapana, mwanangu. Aliliweka Elias, kwa mkono wa kushoto. Nimeona kwa macho yangu, na mimi ni mtu wa kuulizwa.

Geti linalia. Ni wewe, nasikia unavyocheka na mlinzi.

Baba yako,
Ramadhani,
fundi.